Mkono Unaokuamsha Usiku

Saa nane au saa tisa za usiku mtu anazinduka. Mkono umekufa ganzi, vidole vinachomachoma kama vimejaa sindano, na siku nyingine vinawaka moto. Anauning'iniza nje ya kitanda, anaukung'uta, na baada ya dakika chache ganzi inapungua, usingizi unamrudia. Asubuhi anajiambia kwamba aliulalia vibaya. Usiku wa pili mambo ni yale yale, na wa tatu pia. Huko kuukung'uta mkono, ambako wagonjwa hukufanya bila kufundishwa na mtu, ni jambo ambalo daktari mzoefu huliuliza mapema, kwa sababu ni aina chache za ganzi zinazotulia kwa kukung'utwa.

Ugonjwa huu ni wa kubanwa kwa neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono. Kwenye cheti cha hospitali huenda ukakuta umeandikwa kwa herufi tatu tu, CTS. Hauui wala hauambukizi, lakini ukiachwa miaka unaweza kumnyang'anya mtu uwezo wa kushika sindano, kufunga kifungo cha shati au kuhesabu noti. Katika mtaa kama Chang'ombe hapa Dodoma, mahali palipokua kwa watu kujijengea wenyewe na ambapo kipato cha nyumba nyingi kinatoka viganjani (cherehani, ususi, useremala, uchomeleaji, chakula cha mama lishe, bodaboda, vibarua vya ujenzi), huo ni msiba wa familia nzima.

Geuza kiganja kitazame juu, kisha tazama pale kinapoungana na mkono. Chini ya ngozi hiyo kuna njia nyembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo ya kifundo, na paa lake ni mkanda mgumu usiovutika. Humo ndani zinapita kano tisa zinazokunja vidole, na neva moja. Ni daladala iliyokwisha kujaa: mzigo ukiongezeka kidogo tu, anayebanwa ni mnyonge, na mnyonge humu ni neva. Kano zikivimba kwa kazi, mwili ukijaa maji kwa ujauzito, au mfupa uliovunjika ukiunga vibaya, neva inakandamizwa na kuanza kulalamika. Usiku inalalamika zaidi kwa sababu tukilala tunakunja vifundo bila kujua, na kifundo kilichokunjwa kinaifinya njia ile.

Vidole gani?

Hapa ndipo penye siri ya kuutambua ugonjwa wenyewe. Neva hii inahudumia dole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati, na nusu ya kidole cha pete, ile nusu inayopakana na kidole cha kati. Kidole cha mwisho hakimo kabisa. Kwa hiyo ukisema tu "mkono wangu unakufa ganzi", hujamwambia daktari mengi. Chukua karatasi, weka kiganja juu yake, chora mzingo wake kwa kalamu. Usiku ganzi ikija, tia rangi mahali inapokaa. Fanya hivyo siku kadhaa, kisha nenda na karatasi yako hospitali. Madaktari wa nchi nyingi hutumia mchoro wa namna hii, na hauhitaji mashine wala umeme.

Watu wengi watakuambia mkono mzima unakufa, mpaka kidole cha mwisho. Wasilaumiwe, usingizini nani anahesabu vidole? Ndiyo maana nasisitiza karatasi.

Baada ya miezi dalili zinahamia mchana. Ganzi inamjia dereva wa bodaboda akiwa ameshika usukani, msusi akiwa katikati ya nywele za mteja, mtu yeyote akiwa ameinua simu sikioni. Maumivu yanaweza kupanda mpaka kwenye kiwiko, hata begani. Kisha mkono unaanza kuangusha vitu: kikombe, ufunguo, mkasi. Hatua ya mwisho inaonekana kwa macho. Linganisha viganja vyako viwili na uangalie kinundu cha nyama kilicho chini ya dole gumba. Kikiwa kimebonyea upande mmoja, neva imeumia kwa muda mrefu na misuli inasinyaa. Wakati huo ganzi huwa haiji na kuondoka tena, imekaa moja kwa moja, na ajabu ni kwamba maumivu huenda yamepungua. Mtu anadhani anapona.

Kuna vipimo viwili ambavyo unaweza kujifanyia nyumbani. Cha kwanza, inua viwiko usawa wa kifua, kunja vifundo kuelekea chini na uiunganishe migongo ya viganja, vidole vikitazama ardhini. Kaa hivyo dakika moja. Ganzi ikija kwenye vidole nilivyovitaja, kipimo kimeonyesha dalili. Cha pili, gonga taratibu kwa ncha ya kidole katikati ya kifundo, upande wa kiganja. Ukihisi mshtuko mdogo wa umeme ukikimbilia kwenye vidole, hiyo pia ni dalili. Kipimo cha kwanza kina jina la George Phalen, daktari Mmarekani aliyeufanya ugonjwa huu ujulikane miongoni mwa madaktari kuanzia mwaka 1950, na cha pili kina jina la Jules Tinel, Mfaransa aliyekieleza mwaka 1915. Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake. Usipohisi kitu na bado unaamshwa usiku, nenda hospitali vilevile.

"Sina kazi, niko nyumbani tu"

Watu wengi wanaamini huu ni ugonjwa wa maofisini. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji umejaa makarani na kompyuta, na imani hiyo imepata nguvu. Ushahidi wake ni hafifu kuliko unavyodhaniwa. Mwaka 2001 madaktari wa Mayo Clinic huko Marekani walitoa matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi wao waliotumia kompyuta saa nyingi kwa siku, na wakakuta ugonjwa huu haukuwa mwingi kwao kuliko kwa watu wengine. Kazi zenye ushahidi mzito zaidi ni zile za kukaba kwa nguvu, kurudia tendo moja mara nyingi, kupinda kifundo na kushika chombo kinachotetemeka. Hivyo ndivyo Shirika la Kazi Duniani lilivyouandika ugonjwa huu kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazini ya mwaka 2010.

Sasa zungukia mtaa. Fundi wa grenda na msumeno wa umeme, mtetemo unamwingia mpaka kwenye mifupa. Mpasua kokoto anakaba nyundo kutwa. Fundi cherehani anakata kitambaa kwa mkasi ulioisha makali. Wapogoaji wa mizabibu kule Hombolo, Mpunguzi na Makutupora wana shida ya pekee, kwani mzabibu wa Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka, na kila msimu una kupogoa kwake. Ufaransa watafiti wamefika mpaka shambani kupima mzigo unaobebwa na kifundo cha mpogoaji.

Lakini kundi kubwa kuliko yote haliitwi wafanyakazi. Wanawake hupata ugonjwa huu mara kadhaa zaidi ya wanaume, hasa wakishafika miaka ya arobaini na hamsini. Phalen aliliona hilo kwa wagonjwa wake, wengi wao wakiwa wanawake wa umri wa kati, na akashikilia kwamba kazi si chanzo kikuu. Mimi nina shaka na hesabu ya namna hiyo. Mwanamke anayesonga ugali wa uwele au mtama kwa watu wanane, anayefua na kukamua mashuka kwa mikono, anayetwanga, anayebeba ndoo mbili za maji kutoka bombani, amekaba na kupinda vifundo kuliko makarani wengi wa ofisi za Serikali kule Mtumba. Homoni na umbile la kifundo vina sehemu yao, sikatai. Ila akiulizwa hospitali, "Mama, unafanya kazi gani?" anajibu, "Sina kazi, daktari, niko nyumbani tu." Daktari anaandika, na kidokezo muhimu kimepotea.

Basi usijibu jina la kazi, jibu mikono yako inafanya nini. "Nafua nguo za watu kila Jumamosi." "Nasonga ugali sufuria mbili kubwa kwa siku." "Nashika grenda asubuhi mpaka jioni." Taja pia unapopata nafuu: kama siku ambazo hukufua usiku wake hupita salama, hilo ni jambo la kusema.

Mara nyingine chanzo hakiko kazini. Ugonjwa wa kisukari unaidhoofisha neva na kuifanya ibanwe kwa urahisi, na wapo wanaogunduliwa kuwa na sukari kwa sababu walikwenda kulalamikia ganzi ya vidole. Omba kupimwa. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, baridi yabisi inayovimbisha viungo, unene, na kifundo kilichowahi kuvunjika navyo huchangia. Wajawazito huupata hasa miezi ya mwisho, na kwa wengi huondoka wenyewe wiki au miezi baada ya kujifungua. Hata hivyo mjamzito akivimba mikono na uso, kichwa kikimuuma sana au macho yakimwonyesha ukungu, hayo si mambo ya kusubiri siku ya kliniki. Inaweza kuwa ishara ya kifafa cha mimba, na aende hospitali saa hiyo hiyo.

Ganzi zisizo za ugonjwa huu

Kiharusi huja ghafla: mkono na mguu wa upande mmoja vinakosa nguvu, uso unapinda, maneno hayatoki sawasawa. Mitaani tunasema mtu amepigwa na upepo, tunaanza kumchua. Kila saa inayopita ubongo unaharibika, kwa hiyo mkimbizeni hospitali bila kungoja kupambazuke.

Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete ni ya neva nyingine, ambayo mara nyingi hubanwa nyuma ya kiwiko. Ganzi inayoshuka kutoka shingoni na kubadilika unapogeuza kichwa huenda inatoka kwenye pingili za shingo. Ikianza kwenye nyayo za miguu yote miwili na kupanda kama mtu aliyevaa soksi, fikiria kisukari, pombe ya miaka mingi, virusi vya Ukimwi, au dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi. Anayetumia dawa hiyo asiiache mwenyewe. Amweleze mhudumu, kwani ipo vitamini ya kumpa pamoja nayo.

Na upo ukoma. Sisi wa Dodoma tusijifanye hatuujui, Hombolo palijulikana miaka mingi kwa kituo chake cha wagonjwa wa ukoma. Ukiona baka kwenye ngozi lililofifia au lenye wekundu, ukaligusa na pamba usihisi, au mkono umekufa ganzi kiasi cha kuungua na sufuria bila kujua, waonyeshe wahudumu wa zahanati. Dawa zake hutolewa bure, na mgonjwa anayeanza kuzitumia haambukizi tena wengine baada ya muda mfupi. Kinacholemaza ni kuchelewa.

Hali moja zaidi ya dharura: mtu ameanguka na bodaboda, kifundo kimevunjika au kuvimba, na ganzi ya vidole inaongezeka saa baada ya saa, hasa akiwa amefungwa hogo. Huyo arudi hospitali usiku huo huo. James Paget, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alieleza neva kubanwa baada ya mfupa wa kifundo kuvunjika tangu mwaka 1854, na mpaka leo bado kuna wanaoambiwa "vumilia, ni maumivu ya kawaida".

Cha kufanya, na cha kuacha

Tiba ya kwanza ni ya bei ndogo kiasi kwamba watu hawaiamini: kukilaza kifundo kikiwa kimenyooka. Maduka ya vifaa tiba yanauza bendeji ngumu yenye bati au plastiki ndani. Usipoimudu, mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukuonyesha namna ya kutengeneza banzi. Kata kipande cha plastiki ngumu au ubao mwembamba, kianzie katikati ya kiganja na kuishia katikati ya mkono kabla ya kiwiko. Lainisha kingo, kizungushie kitambaa, kiweke upande wa kiganja na ukifunge kwa bendeji. Vidole viwe huru kukunjika, na kifundo kisiinuke wala kuinama. Usikaze: vidole vikibadilika rangi au ganzi ikizidi, legeza. Vaa kila usiku kwa wiki sita hivi, hata usiku ambao mkono unajisikia mzima. Wengi ambao dalili zao bado ni za kuja na kuondoka hupata nafuu kwa hilo tu.

Mchana punguza nguvu ya kukaba. Noa mkasi, maana mkasi butu unaitoza misuli ushuru kila unapoubana. Zungushia mpini wa mwiko, nyundo au jembe kipande cha mpira wa baiskeli uwe mnene, mkono usijikunje sana. Shuka zito likamuliwe na watu wawili. Kama una kazi tatu za siku, zichanganye badala ya kuimaliza moja kwa saa nne mfululizo. Fundi wa grenda aachie mashine mara kwa mara, vidole vipumue. Hayo hayatibu neva iliyokwisha kuumia, yanaipunguzia mzigo.

Sasa vile vidonge. Duka la dawa likisikia neno ganzi, mara nyingi unapewa vitamini B kwa jina la dawa ya mishipa. Kama mwili una upungufu, vitamini husaidia. Kama tatizo ni neva kubanwa, vidonge havipanui njia iliyobana, na vitamini B6 ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu inaweza yenyewe kuharibu neva. Diklofenaki na jamaa zake hazifanyi kitu kikubwa kwa ganzi, na zikiliwa miezi zinaumiza tumbo na figo. Kuchanjwa chale juu ya kifundo ni hatari ya wazi, neva iko karibu sana na ngozi. Kuchuliwa kwa nguvu mahali pale pale palipobanwa huongeza uvimbe. Wengine hupoteza mwaka mzima wakitafuta aliyewarushia kitu mkononi, na muda wote huo neva inaendelea kubanwa na msuli wa dole gumba unaweza kusinyaa.

Nafuu isipokuja kwa wiki sita, au ganzi ikiwa haiondoki mchana, au mkono umeanza kuangusha vitu, panda ngazi. Anza na zahanati au Kituo cha Afya Makole, uombe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, au kwa madaktari bingwa wa Hospitali ya Benjamin Mkapa jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwenye bima afike na barua ya rufaa, itamwepushia usumbufu dirishani. Kipimo cha umeme cha neva kipo kwenye hospitali chache, na wagonjwa wengi hutambuliwa bila hicho, kwa maelezo mazuri na mikono ya daktari. Karatasi yako ya rangi itafanya kazi hapo.

Daktari anaweza kukuchoma sindano ya steroidi kwenye kifundo. Nafuu yake huchukua wiki hadi miezi, kwa wengine zaidi. Mwenye kisukari amkumbushe daktari, kwa sababu sindano hiyo huipandisha sukari kwa siku kadhaa. Kwa mwajiriwa, huu ni wakati pia wa kumweleza mwajiri kwa maandishi na kuuliza kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mfuko huo unashughulikia magonjwa yanayotokana na kazi, siyo ajali peke yake, lakini itabidi daktari aandike kwamba kazi ndiyo chanzo. Aliyejiajiri hana mwajiri wa kumwandikia, na hilo ni pengo ambalo linawagusa watu wengi wa mtaa huu.

Upasuaji unatisha kwa jina kuliko kwa tendo. Mkono unapigwa ganzi ya sindano, mgonjwa yuko macho, na mpasuaji anaukata ule mkanda ulio juu ya njia ya neva ili ipate nafasi. Kwa kawaida inachukua chini ya nusu saa, na mgonjwa hulala nyumbani kwake. Nyuzi hutolewa baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Vidole vichezeshwe kuanzia siku ile ile, mkono ukiwa umeinuliwa. Kazi nyepesi huwezekana baada ya wiki chache. Kufua, kusonga ugali wa watu wengi, nyundo na grenda visubiri wiki sita au zaidi, kadiri daktari atakavyosema. Kwa hiyo kabla ya kupanga tarehe, mama apange nani atachota maji na fundi apange nani atashika mashine. Kama mikono yote miwili inaumwa, mwombe daktari aanze na mmoja, ule unaokuamsha zaidi. Machomachomo ya usiku mara nyingi huondoka mapema, ganzi ya mchana hufuata kwa miezi, na nguvu ya kukaba hurudi polepole, ila kinundu kilichokwisha kubonyea huenda kisijae tena.